Jua la Desemba

Masasi, 14 Januari 2024

Dada Hilda,

Shikamoo. Tulifika salama siku ya tatu, mgongo umekufa ganzi lakini mkungu ulionifungia haukuchubuka hata ndizi moja. Wifi yako Dainess kaupikia mtori, majirani wakaja na bakuli zao bila kualikwa. Watoto hawajambo, wanauliza ng'ombe atazaa lini. Na Mama kifua kinamwendeaje?

Nakuandikia kwa sababu unayoijua. Nikipiga simu Mama atakuamuru uweke sauti kubwa, na ukitoka nje kunisikiliza ataanza kuuliza nani amekufa. Barua angalau utaisomea zizini.

Jambo lenyewe ni hili: nimenunua sola. Paneli mbili, betri, taa nne, na inveta ya kuendesha ile mashine ya mvuke ya dawa waliyompa Mama hospitalini. Nimechoka kumwaza akishikiliwa mkono kushuka mteremko mpaka zahanati, mara mbili kwa wiki, ili akapumue dawa kwenye umeme wa watu. Fundi anaitwa Ebenezeri, yuko Shirimatunda, atakupigia kabla ya kupanda.

Usifikiri nimekurupuka. Tarehe 27 Desemba, mlipokwenda kwenye komunyo ya mtoto wa Winfrida, nilibaki makusudi. Niliweka kigoda uani na daftari, nikawa naandika kila saa. Tangu saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na moja jua halikubanduka kwenye bati letu. Mahesabu yote nimeyafanya kwa siku ile.

Najua utasema tungevuta umeme wa nguzo. Nguzo ya mwisho iko kwa Emilian, na watu wa umeme walishasema waya hauwezi kutufikia bila kupita kwenye shamba lake la kihamba, naye asaini. Mimi nikamwombe Emilian saini? Tangu tumzike Baba sijamwomba hata njia. Jua halina saini, Dada.

Mdogo wako,
Fabian


Uru, 18 Februari 2024

Mdogo wangu Fabian,

Marahaba. Tupo, na ng'ombe kazaa dume, pole kwa watoto waliotaka jike. Kahawa imeanza kutoa maua. Mama kaniagiza nikuandikie kwamba anakula vizuri, kwa hiyo nimekuandikia. Anakula nusu sahani.

Kwanza nikugombeze. Unamwandika Baba mdogo "Emilian" kama mtu mliyechunga naye mbuzi. Ni ndugu wa tumbo moja na baba yako. Kasirika upendavyo, lakini kwenye karatasi yangu utamwandika Baba mdogo.

Ebenezeri alikuja Jumatano na vitu vyake nyuma ya pikapu. Mama akakataa asipande juu ya nyumba kabla hajala, akala kiburu cha ndizi na maharage sahani mbili, nikaogopa bati. Ni kijana mpole, lakini ana maswali. Aliniuliza mwezi wa sita na wa saba huku juu jua linaonekana siku ngapi. Nikamwambia zipo wiki tunasahau kama lipo. Akaweka nyundo chini. Akasema vifaa hivi vinatosha kwa mtu wa mjini, huku ukungu ukitulia tutahitaji paneli mara mbili na betri kubwa kuliko hii. Halafu akanyoosha bisibisi kuelekea chini na kuniuliza, "Mama, ile nguzo pale ina shida gani?" Nikamwambia aliyenunua ameshapima jua mwenyewe, afunge tu. Akafunga. Nimekuandikia uamue.

Jioni ile Mama alituamuru tuzime taa zote kisha tuwashe tena, mara tatu. Akaangalia mapazia akasema, "Kumbe yamezeeka hivi!" Mashine nayo inanguruma vizuri, anapumua dawa yake akiwa kwenye kiti chake mwenyewe. Aika, asante sana mdogo wangu. Hilo umelifanya, na nisingependa lipite bila kusemwa.

Baba mdogo alikuwa upande wake anakata majani. Alipomwona fundi juu ya nyumba akasimama, akatuvulia kofia. Nami nikapunga mkono. Basi.

Hilda


Masasi, 21 Aprili 2024

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukawia, mashine ya kubangua korosho iliharibika na mimi ndiye fundi, nimelala kiwandani kama mlinzi. Dainess alikuwa na malaria, sasa amepona. Mama mwambie picha yake chini ya taa nimeiweka sebuleni.

Kuhusu Ebenezeri: mafundi wote huimba wimbo mmoja, ongeza paneli, ongeza betri. Ningemsikiliza angefunika mpaka banda la ng'ombe. Nimezaliwa kwenye nyumba ile, nalijua jua la kwetu. Mvua za masika zikipita mtaona.

Na Baba mdogo, nimeandika kama ulivyoagiza, asituvulie kofia. Alisogeza mimea ya masale ya mpaka hatua mbili kuingia kwetu wakati Baba yuko kitandani hawezi kugeuka. Nililisema mbele ya waombolezaji siku ya maziko na silijutii. Mimi ndiye mtoto wa mwisho, nyumba na kihamba ni vya kwangu kuvilinda. Naomba usiniandikie habari zake tena.

Taa zinaendeleaje?

Fabian


Uru, 30 Juni 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku baridi. Navaa sweta mbili na kanga ya Mama juu yake, kuni zimelowa, jiko linatoa moshi tu. Kahawa tumeanza kuchuma, haikauki, naigeuza kutwa kwenye kichanja kama mtu asiye na kazi nyingine. Watoto wasalimie.

Taa unaziulizia. Zipo.

Mama analala mapema siku hizi. Nitaandika zaidi nikipata nafasi.

Hilda


Uru, 21 Julai 2024

Fabian,

Mama ni mzima. Naanza na hilo ili usome mengine umekaa.

Katika barua ya mwezi uliopita nilikuficha. Taa hatujaziwasha tangu wiki ya kwanza ya Juni. Ukungu ulishuka ukakaa, mlima wenyewe hatujauona, na betri ikawa haijai. Nikaamua kila kinachopatikana kiende kwenye mashine ya Mama, sisi tukarudi kwenye kibatari. Mama akanikataza nisikuambie. Alisema, "Kajinyima, usimvunje moyo." Na mimi, nikuambie kweli, sikutaka uone nilisikia maneno ya Ebenezeri nikamwambia afunge tu.

Jumapili ya tarehe 14, saa nne asubuhi, tumetoka misa ya kwanza, kifua kikambana Mama. Nikawasha mashine. Ikanguruma kidogo, ikazima. Nikawasha tena, kimya. Nikapanda kwenye ngazi nikafuta paneli kwa kanga kama mwendawazimu, nikidhani ni umande. Nilipoteremka midomo ya Mama ilikuwa imebadilika rangi.

Zahanati nisingefika. Nikambeba mgongoni kama mtoto, mashine nimeing'ata kwa mpini wake, nikapita ile njia ya zamani kwenye kahawa za Baba mdogo. Magugu yamefika kiunoni. Mama mdogo Juliana alikuwa mlangoni na mwiko mkononi, akautupa akaja kunipokea. Baba mdogo akachomoa redio yake ukutani akachomeka mashine. Akamshikia Mama kikombe cha dawa puani yeye mwenyewe, akiwa amepiga magoti, mpaka dawa ikaisha. Kila mara aliinama kusikiliza kama anapumua. Sijamwona mtu mzima akiogopa vile.

Sasa nisikilize. Mama alipoweza kusema, alisema hivi: "Emilian, kwa nini hujamwambia mtoto habari ya zile hatua mbili?" Baba mdogo akajibu, "Angeniuliza ningemwambia. Hakuniuliza, alinitangazia."

Wewe hukuwepo mwaka ule, na mimi nilikuwa bado kwa mume wangu Holili. Baba alipokuwa hawezi kutembea, gari halikuweza kufika kwetu. Baba mdogo aling'oa mistari miwili ya kahawa zake, kahawa za babu zenye kuzaa, akatengeneza njia ya kupitisha kitanda cha Baba mpaka barabarani. Ndiyo njia ile niliyopita na Mama. Baba akasema hawezi kufa na deni la kahawa, akaamuru masale yasogezwe hatua mbili, na alikuwa anaangalia kwa dirisha. Mama alijua siku zote. Siku ya maziko hakuwa na sauti. Baadaye kila alipoanza kutuambia, wewe ulikata simu na mimi nilitoka nje.

Tumemkosea, Fabi. Ulimwita mwizi wa ardhi mbele ya kaburi la ndugu yake, na tukaishi naye mgongo kwa mgongo miaka minane.

Hilda


Masasi, 11 Agosti 2024

Dada Hilda,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi. Nimeisoma barua yako ghalani, nimekaa juu ya magunia, mpaka wasaidizi wakaja kuuliza kama kuna msiba nyumbani. Nikasema hapana. Nikatoka nje nikalia.

Nakumbuka kila neno nililolisema siku ile. Nilijiona mwanaume. Nilikuwa nimekuja na basi la usiku, Baba kashafungwa kwenye jeneza, sikumwona akiumwa hata siku moja, nikatafuta mtu wa kumkasirikia. Yeye alikuwa amesimama karibu.

Na jua pia. Nimeondoka Uru nina miaka kumi na tisa, na tangu hapo nimekuja Desemba tu, kama sisi wote tunaojaza mabasi Krismasi. Nikasema nalijua jua la kwetu. Nalijua la wiki mbili. Julai ya kwetu nimeisahau kabisa, na ningemuua Mama kwa kuisahau. Tena nisijidanganye kwamba ni hesabu mbaya. Ebenezeri alikuonyesha nguzo kwa bisibisi, ukaniandikia, nikasoma. Nilinunua sola ili nisimwombe Baba mdogo.

Naomba unifanyie jambo moja. Chuma jani la isale kwenye mpaka, lifunge fundo kama inavyotakiwa, umpelekee kwa niaba yangu. Mchagga akiletewa isale hawezi kukataa kusamehe, hata aliyeuliwa mtoto hupokea. Mpelekee hata kesho.

Fabian


Uru, 8 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Jua limerudi, Mama kakaa uani anamwagiza kila anayepita. Taa zinawaka tena na mashine inafanya kazi, lakini hatuiamini kama zamani. Dainess mwambie vitenge nimevipata.

Nilichuma isale, nikalifunga, nikaliweka kwenye mfuko wa kitambaa nikaenda. Baba mdogo alikuwa anakamua. Nilipomwambia nimetumwa na Fabian akautazama mfuko, akajua. Akasimama haraka hata maziwa yakamwagika.

"Hilda, usilitoe," akaniambia. "Ukilitoa tu sina namna, nitakuwa nimesamehe, na mtoto wa ndugu yangu Aristides nitakuwa sijamwona. Rudi nalo. Mwambie alilete mwenyewe. Sitaki aniambie kitu kirefu, nataka tu nimwone uso."

Nikarudi nalo. Usidhani amekukatalia, angetaka kukataa angegeuza mgongo. Na ujue kwamba wiki hiyohiyo alishuka Moshi kwa miguu yake kwa watu wa umeme, akasaini nguzo mbili zipite kwake. Hakuna aliyemwomba. Alipoulizwa fidia ya migomba itakayokatwa akawaambia waendelee na kazi yao.

Fabi, amepungua. Akipanda kutoka kanisani anapumzika mara tatu. Mama mdogo anasema ni uzee, lakini Mama anamwangalia kwa namna ambayo siipendi. Njoo mwezi huu. Siku tatu zinatosha, hata mbili.

Hilda


Masasi, 29 Septemba 2024

Dada,

Shikamoo. Barua yako imenifanya nisilale kwa furaha na kwa aibu. Kusaini bila kuombwa! Mimi nisingeweza.

Ningekuja kesho. Lakini msimu wa korosho ndio unafunguliwa, magari ya mzigo yanapanga foleni tangu Alhamisi, na bosi amesema fundi hatoki. Nimemwomba mara moja. Ungekuwa hapa ungesema niombe mara ya pili, na ungekuwa sahihi. Nikuambie ukweli, sijui nitasimamaje mbele yake. Kila nikijiona naingia pale uani narudi nyuma. Nahitaji muda kidogo wa kupanga maneno, hata kama amesema hataki marefu.

Nitakuja tarehe 20 Desemba, kama kawaida. Kabla ya kusalimia mtu yeyote nitapita kwake. Nimemnunulia blanketi zito. Miaka minane tumesubiri, miezi mitatu haitatushinda. Mwambie.

Fabian


Uru, 24 Novemba 2024

Mdogo wangu Fabian,

Natumaini ulifika salama na bosi hakukukata siku. Mama anakusalimu. Mama mdogo Juliana pia, anashukuru kwa blanketi. Analilalia.

Siku zile mbili za msiba wa Baba mdogo hatukupata kusema, nyumba ilikuwa imejaa watu na wewe ulikuwa huangaliki. Nilikuona ulipoweka isale juu ya jeneza. Nilikuona ulivyoinama, ukaongea naye muda mrefu mpaka katekista akaja kukushika bega. Watu walilia. Wazee walisema mtoto amefanya vema, amemaliza. Mimi nilikuwa nyuma yako, na ninajua hujamaliza chochote.

Umeme uliwashwa tarehe 12. Nguzo moja iko pale Baba mdogo alipokuwa akikatia majani. Mashine ya Mama inafanya kazi asubuhi na jioni, ukungu uwepo usiwepo. Ebenezeri alikuja kuunganisha waya za ndani, akashusha paneli moja akaiweka kwenye banda. Hakunikumbusha maneno yake ya Februari, na mimi nikamshukuru kwa hilo. Mama anawasha taa mchana.

Nataka uache kujipiga peke yako. Unasema kila mahali kwamba wewe ndiye uliyechelewa, umemwambia Dainess, umemwambia paroko. Kuna kitu sijakuandikia, na nikikusubiri Desemba sitakuwa na ujasiri wa kukisema mdomoni.

Kila Krismasi, tangu mwaka wa kwanza baada ya maziko, Baba mdogo alikuwa anakaa mpakani. Anatoka misa, anabeba kiti chake na kata ya pombe ya mbege iliyofunikwa kwa jani, anakaa upande wake wa masale anatazama nyumba yetu. Hainywi ile mbege. Ikifika saa tisa anainuka, anairudisha ndani. Wewe hukuweza kumwona, mgomba unaficha ukiwa uani. Kutoka dirisha la jikoni anaonekana mwili mzima.

Mwaka wa kwanza nilidhani ana mgeni. Mwaka wa pili nikadhani ni uzee. Mwaka wa tatu ulitoka kumnywesha ng'ombe maji, ukapita karibu na mpaka, nikamwona anasimama na kata yake mkononi. Uliporudi ndani akakaa. Hapo nikajua anakungoja wewe.

Neno moja tu lingetosha, Fabi. Habari ya zile hatua mbili nilikuwa siijui, naapa, lakini hata mwizi angekaa vile ungemwendea, nakujua. Sikukuambia. Ndoa yangu ilikuwa imeharibika, nimerudi nyumbani kwetu kama mzigo, nakupata wiki mbili kwa mwaka mzima. Na zile jioni tulizokaa tukimsema, mimi na wewe, tukicheka kofia yake na mwendo wake, ndizo zilikuwa jioni zangu nzuri. Niliogopa mkipatana utashinda kule kama watoto wengine wote, kwa Mama mdogo na wajukuu na redio, na mimi nitabaki na Mama na kibatari.

Krismasi ya mwaka jana alikaa mpaka saa kumi. Ulicheka kitu ndani, sauti ikamfikia, akasimama. Nilimwona akisimama, Fabian, nikaendelea kumenya ndizi.

Dada yako,
Hilda